Nguzo za Simu Zimesalia, Waya Uko Wapi?

Msomaji anayesafiri kwa matatu kutoka Kitale hadi Bungoma kwa njia ya Kiminini, Kamukuywa, Kimilili na Chwele, akibahatika kuketi kando ya dirisha, ataziona nguzo za mti zimesimama hapa na pale pembezoni mwa mashamba ya mahindi na miwa. Nyingine zimeinama mithili ya walevi watokao sokoni jioni. Nyingine akina mama wamezifunga kamba, zikawa za kuanikia nguo. Moja imegeuzwa mwimo wa lango la boma la ng'ombe. Huko juu bado zina vikombe vyeupe vya kauri, lakini waya hazina. Vijana ninaowafundisha huzipita kila siku wala hawajui zilikuwa za nini. Mmoja aliniambia kwa uhakika kabisa kwamba ni za stima, ila mkandarasi hajamaliza kazi.

Zilikuwa za simu. Nami leo nataka kuzisimulia kwa sababu kilio cha intaneti katika shule zetu, ambacho walimu na wanafunzi hukitoa kila uchao, chanzo chake kimo katika nguzo hizo.

Nilipoajiriwa kufundisha katika shule moja ya upili kando ya barabara hiyo, nikiwa mwalimu mchanga, shule ilikuwa na simu moja tu. Ilikuwa nyeusi, nzito kama jiwe la kusagia, nayo ilikaa katika ofisi ya mwalimu mkuu ikiwa na kufuli dogo kwenye gurudumu la kupigia. Ufunguo alikuwa nao karani, na karani yule aliulinda kuliko alivyoulinda mshahara wake. Asubuhi moja ya mwaka wa 1997 aliinua mkono wa simu akasikia kimya. Tulitoka nje kutazama. Usiku ule watu wasiojulikana walikuwa wamekata waya kutoka nguzo hadi nguzo, wakauviringisha na kwenda zao. Ulirudishwa, ukakatwa tena. Mara ya tatu hatukuomba urudishwe. Mzee mmoja wa kijiji, aliyekuwa fundi wa nyaya enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ile ya kwanza iliyovunjika mwaka wa 1977, alisimama nasi langoni akatikisa kichwa. "Mwalimu," akaniambia, "hawa wameiba masikio ya shule."

Nilidhani tumepoteza simu. Sikujua kwamba tulikuwa tumepoteza na kitu kingine ambacho wakati huo hata jina lake sikuwahi kulisikia.

Miaka miwili tu baadaye, mnamo Aprili 1999, kampuni iitwayo Hanaro Telecom huko Korea Kusini ilianza kuwauzia watu wa kawaida intaneti ya kasi kupitia waya wa shaba wa jinsi ile ile tuliyoibiwa. Teknolojia hiyo hujulikana kwa herufi tatu, DSL. Siri yake ni nyepesi, na walimu wa fizikia watanisamehe nikiieleza kwa lugha ya sokoni. Sauti ya binadamu ipitapo katika simu hutumia sehemu ndogo mno ya uwezo wa waya, yaani mitetemo isiyozidi takriban 3,400 kwa sekunde. Waya wenyewe unaweza kubeba mitetemo zaidi ya milioni moja kwa sekunde. Ni kama barabara pana ambayo kwa miaka mia moja ilipitiwa na baiskeli moja, ikiambaa ukingoni. Wahandisi walichofanya ni kuiacha baiskeli iendelee na safari yake, kisha wakaruhusu malori kupita katikati. Ilitosha kuweka kifaa kimoja katika kituo cha simu cha mtaa na kingine kidogo nyumbani kwa mteja. Hawakuchimba mtaro wala kusimamisha nguzo mpya. Pale ambapo modemu ya kupiga simu ilifikia kikomo cha biti 56,000 kwa sekunde, huku mwenye nyumba akishindwa kupokea simu hadi kijana wake amalize kusoma barua zake, DSL ya mwanzo iliweza kufikia biti milioni 8, na simu ikaendelea kulia kama kawaida.

Wakorea waliichangamkia. Kufikia mwishoni mwa mwaka wa 2002 walikuwa na wateja zaidi ya milioni 10 wa intaneti ya kasi, wengi wao kwa DSL, na serikali yao ilikuwa imekwisha kuziunganisha shule zote za nchi. Ujerumani na Ufaransa zilianza mwaka wa 1999, Uingereza mwaka wa 2000. Barani kwetu Afrika Kusini ilianza mwaka wa 2002, nayo miaka kadhaa baadaye ikafikia wateja takriban milioni moja. Huko Misri nyumba nyingi hadi leo hupata intaneti kwa njia ya waya wa simu.

Na sisi je? Telkom Kenya, iliyozaliwa mwaka wa 1999 shirika la zamani la posta na simu lilipogawanywa, ilikuja kuuza DSL katika miaka ya 2000, hasa Nairobi na katika miji mingine michache mikubwa. Waliounganishwa walikuwa kundi dogo mno. Wapo wanaodai kwamba tulichelewa kwa uzembe. Mimi nadhani sababu kubwa ni ya kihesabu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Kenya nzima ilikuwa na laini za simu za mezani takriban 300,000, na sensa ya mwaka wa 1999 ilihesabu watu milioni 28.7. DSL haina uwezo wa kujenga njia. Huipanda njia iliyokwisha kujengwa. Wenzetu walikuwa wamefikisha waya katika kila nyumba kwa ajili ya mazungumzo, bila kuwazia tarakilishi hata kidogo, na intaneti ilipobisha hodi ikakuta mlango uko wazi. Sisi mlango wenyewe haukuwapo.

Tena hata nyaya chache tulizokuwa nazo hazikuwekwa kwa ajili yetu. Reli ya tawi ilifika Kitale mwaka wa 1926, na Trans Nzoia ilikuwa sehemu ya Nyanda za Juu zilizotengewa Wazungu. Nguzo za simu zilifuata mashamba ya walowezi, ofisi za wakubwa na stesheni za gari moshi. Bungoma, ijapokuwa iko kwenye reli kuu ya kwenda Uganda, ilihesabiwa kuwa nchi ya Waafrika, na mkulima wa Chwele au Sirisia hakutarajiwa kuwa na mtu wa kumpigia simu. Uhuru uliikuta ramani hiyo, na shule kama yetu zilipata simu kwa sababu ya kubahatika kuwa kando ya njia ya waya uliokuwa ukielekea kwa mtu mwingine.

Kuna jambo lingine, nalo huniliwaza kidogo ninapokumbuka wezi wale. DSL huchoka upesi. Kila waya unavyorefuka ndivyo mitetemo ile ya juu inavyofifia, na ukipita kilomita tano hivi kutoka kituo cha simu, kinachobaki hakitoshi kitu. Kwa hivyo Wakorea, ambao wengi wao huishi katika majumba marefu yaliyosongamana karibu na vituo vya simu, walifaidi kuliko mkulima wa Marekani aliye peke yake katika shamba kubwa. Shule yetu iko zaidi ya kilomita 20 kutoka Kitale. Hata waya wetu ungalisalimika, hata fundi yule mzee angalilala chini ya nguzo na rungu lake kila usiku, DSL ya mjini isingalitufikia. Wezi walituibia simu. Intaneti tulikuwa tumenyimwa na umbali.

Hapo ndipo hadithi tunayoipenda huanza. Mwaka wa 2000 zikaja kampuni za simu za mkononi, Safaricom na KenCell, na nguzo za mti zikasahauliwa kwa kasi ambayo hakuna aliyeitabiri. Mwaka wa 2007 M-Pesa ikaanza, na ulimwengu ukaja kututazama kwa mshangao. Mwaka wa 2009 nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zikafika Mombasa, na kwa mara ya kwanza tukaacha kuitegemea setilaiti kwa mawasiliano yetu na dunia. Leo laini za rununu zinazotumika nchini ni zaidi ya milioni 60, kuliko watu wenyewe. Wataalamu husema tuliiruka hatua ya waya wa shaba. Husema hivyo kwa sifa, kana kwamba sisi ni swala walioruka mto ambao wazee wa Ulaya waliuvuka kwa kutapatapa.

Mimi nami niliwahi kuirudia sifa hiyo darasani. Sikujua kwamba kuruka huko kuna bei, hadi mwaka wa 2020.

Shule zilipofungwa mwezi Machi mwaka huo kwa sababu ya korona, nilikuwa na darasa la kidato cha nne. Tuliambiwa tuendelee kuwafundisha kwa njia zozote tulizo nazo. Nilifungua kundi la WhatsApp. Katika wanafunzi wangu 48, walioweza kuingia walikuwa 19, nao kwa simu za wazazi. Miongoni mwao alikuwamo msichana mmoja kutoka mitelemko ya Mlima Elgon, upande wa juu wa Kapsokwony, mwandishi hodari kuliko wote niliopata kuwafundisha. Niliwapa insha. Yeye aliiandika kwa mkono katika daftari, akapiga picha ukurasa baada ya ukurasa kwa simu ya mamake. Ukurasa wa kwanza ulinifikia Jumatatu. Wa pili ukaja Alhamisi, mama aliporudi kutoka sokoni na kununua bando. Wa tatu ulifika Jumapili ukiwa nusu, giza upande mmoja, na chini yake maneno: "Mwalimu, samahani, bando limeisha." Sikuwa nimewahi kusahihisha insha kwa awamu. Mhusika wake mkuu alikuwa ameachwa ng'ambo ya mto uliofurika akiwaita watu wa kwao, na ukurasa wa nne haukuja. Shule ilipofunguliwa Oktoba kwa ajili ya watahiniwa, nilimwuliza daftari liko wapi. Mdogo wake alikuwa amelichana kuwashia moto. Hadi leo sijui kama mtu yule alivuka.

Katika miezi hiyo hiyo nilizungumza na mpwa wangu anayesoma Ujerumani. Yeye amepanga chumba katika nyumba kuukuu, na intaneti yake hutoka katika tundu la simu lililo ukutani, kwa waya wa shaba uliokuwapo tangu kabla hajazaliwa. Ndiyo DSL hiyo, na zaidi ya nusu ya wateja wa intaneti ya nyumbani nchini humo waliendelea kuitumia hata mwaka wa 2024. Nilimwuliza kwa siku moja hutumia bando la kiasi gani. Alicheka. "Khocha," akasema, maana ndivyo sisi Wabukusu tumwitavyo mjomba, "huku hatuhesabu. Nalipa mara moja kwa mwezi, kisha nasahau."

Neno hilo halijanitoka. Mwanafunzi wa Leipzig husoma akisahau intaneti. Mwanafunzi wa Kapsokwony husoma akiihesabu. Msomaji asidhani kwamba nalilia kasi. Kasi ya simu za mkononi siku hizi, pale ambapo mlingoti uko karibu, huipita DSL ile ya zamani. Ninachokililia ni namna ya kuuziwa. Waya wa nyumbani uliwazoesha wenzetu kununua intaneti kama tununuavyo maji ya mfereji katika nyumba ya kupanga, ambapo kila aliyemo ndani huchota. Rununu ilituzoesha kuinunua kama tununuavyo chumvi dukani, kwa vijipakiti, kila mtu na mfuko wake. Na elimu hailiwi kwa vijipakiti. Mwanafunzi ambaye kila kitu anachofungua kinamla pesa hatafungua kitu asichokijua. Atafungua kile alichoambiwa na mwalimu, akifunge upesi. Udadisi, ambao ndio mama wa maarifa, umekuwa anasa.

Na walimu je, hawamo? Tangu mwaka wa 2016 tathmini ya kazi yetu hujazwa mtandaoni. Takwimu za wanafunzi hupelekwa mtandaoni. Alama za tathmini za mtaala mpya wa umilisi hupakiwa mtandaoni. Sina ugomvi na hayo. Karatasi zilikuwa na mateso yake, na faili zilizoliwa na mchwa nazikumbuka vyema. Lakini katika shule nyingi za huku, anayelipia njia ya kuifikisha kazi ya umma mahali pake ni mwalimu, kwa bando la mfukoni mwake, au kwa nauli ya bodaboda hadi kwenye saiba ya Kimilili. Yapo mapato ya mwalimu na yapo mapato ya taifa. Hili ni la nani?

Sharti niseme ukweli kwamba juhudi zimefanywa. Mamlaka ya Mawasiliano, kwa kutumia mfuko wa huduma kwa wote, iliziunganisha shule za upili za umma kwa mamia. Vyuo vikuu vimekuwa na mtandao wao wa pamoja, KENET, tangu mwaka wa 1999, na mwanafunzi aliye katika chuo kikuu cha umma huku magharibi ana bahati ambayo mdogo wake wa sekondari haijui. Serikali pia ilitandaza mkongo wa taifa wa nyuzi za kioo kwa nia ya kufika katika makao makuu ya kila kaunti, na Kitale na Bungoma ni makao makuu. Tangu Julai 2023 kuna Starlink, ambayo hushusha intaneti kutoka angani, na mwalimu mwenzangu aliye mpenzi wa mambo mapya huniambia kila siku kwamba nyuzi zimepitwa na wakati. Kwa shule iliyo juu kabisa ya Elgon namkubalia. Kwa shule iliyo kando ya barabara ya lami, ambako uzi wa kioo unapita mbele ya lango, naona ni sawa na kungoja mvua ilhali kisima kiko uani.

Maana unapita. Waliuchimbia mtaro mbele ya shule yetu, bomba la plastiki ndani ya udongo mwekundu, na wanafunzi wakakatazwa kuruka. Nilimwendea msimamizi wa vibarua, tukasalimiana.

"Ndugu yangu," nikamwuliza, "hii inaelekea wapi?"

"Bungoma, mwalimu."

"Na hapa shuleni?"

Aliitazama shule, kisha akanitazama mimi kwa huruma. "Hapa haishuki, mwalimu. Ni kama basi la moja kwa moja."

Sikumlaumu, alikuwa ametumwa mtaro, nao aliuchimba sawasawa. Lakini nilisimama pale nikaiona upya nguzo yetu kuukuu ya simu, hatua chache kutoka mtaroni. Ile nayo ilibeba waya uliokuwa ukielekea kwa mtu mwingine. Tofauti ni kwamba wa zamani walikubali kutuchepushia tawi moja hadi ofisini, na tawi hilo ndilo lililotufanya shule yenye simu. Nchi zilizofaidi DSL zilifaidi kwa sababu ya tawi hilo la mwisho, kutoka barabarani hadi chumbani, ambalo lilikuwa limekwisha kulipiwa zamani. Sasa nchi hizo zinauondoa waya wenyewe wa shaba. Uingereza imepanga kuzima mtandao wake wa zamani wa simu ifikapo Januari 2027, Ufaransa itafunga shaba yake ifikapo mwaka wa 2030, na uzi wa kioo unaingia kwa tundu lile lile. Sisi hatuna tundu. Mkongo unaweza kufika Kitale, ukafika Bungoma, ukapita katikati yetu kila siku na habari za dunia nzima, nasi tukabaki tukinunua chumvi kwa vijipakiti.

Faida moja ya kioo sharti niitaje, kwa heshima ya wezi wetu. Hakiuziki kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Biashara hiyo ilikuwa imeharibu kiasi kwamba Januari 2022 Rais aliipiga marufuku kwa muda, baada ya milingoti ya umeme kuangushwa. Nasikia bado wapo wanaochimba mkongo usiku wakidhani ni shaba, wanaukata, wanaukuta hauna kitu, wanauacha papo hapo. Intaneti ya mji mzima hupotea kwa sababu ya mtu aliyekwenda nyumbani mikono mitupu.

Juma lililopita, baada ya wanafunzi kwenda kula, nilitoka na mwalimu wa hisabati tukapima. Kutoka mtaroni hadi mlango wa chumba cha walimu ni hatua 412 kwa miguu yangu. Yeye, aliye mrefu, alipata 375. Halmashauri ya shule itakutana Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, na jambo hilo limo katika ajenda, la saba, baada ya ukarabati wa vyoo. Wazazi wawili wameahidi kuja na majembe yao. Mzee yule fundi wa nyaya aliaga dunia miaka mingi iliyopita, lakini mjukuu wake yumo katika kidato cha pili, na nimemwomba mwalimu mkuu amruhusu ashike kamba ya kupimia siku tutakapoanza kuchimba.